Uzito wa Msukumo

Mtu akiletwa kwangu na maelezo ya ugomvi, simwulizi kwanza nani alianza. Namwambia asimame, aje upande wangu wa meza, anifanyie mimi kile alichokiona. Kama ni kofi, anipige kwenye kiganja. Kama ni msukumo, anisukume kwa nguvu ileile. Nimeshapigwa na madereva, wapishi wa kantini, mafundi wa mashine, na mlinzi mmoja mzee aliyeniomba radhi mara tatu kabla hajanigusa. Wenzangu ofisini wanasema mimi ndiye karani pekee anayelipwa mshahara kwa kula makonde.

Si wazimu. Kiwanda chetu ni cha sabuni, lakini wakubwa wake wako mbali na hawasomi ila Kiingereza, na kampuni ya bima vivyo hivyo. Mfanyakazi akiumia, mimi ndiye ninayewasikiliza mashahidi kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza ripoti zilirudi zikiwa na wino mwekundu tupu, kwa sababu kila kitu nilikiandika "hit". Mlango, "hit". Ngumi, "hit". Katoni iliyodondoka, "hit". Mkubwa mmoja akaandika pembeni akiuliza kama kiwandani kwetu kuna vita. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Nikatafuta kamusi nene, nikakaa nayo wiki mbili, nikachora orodha: mepesi juu, mazito chini. Upande wa kusukuma nikaanza na "brush", pale watu wanapopishana mlangoni nguo ikagusa nguo. Chini yake "nudge", kiwiko cha rafiki anayekuambia mtazame yule. Halafu "bump", kukumbana bila kukusudia. Halafu "push", ambalo kila mtu analijua kwa kusoma milango ya benki. Chini yake "shove", kumsukumiza mtu kwa hasira ya kweli. Upande wa kupiga nikafanya vivyo hivyo, kuanzia "tap" la kidole hadi "thrash", kipigo cha mtu asiyetaka kuacha. Nikaibandika ukutani nyuma ya kiti changu. Tangu hapo naitwa Kamusi, na hakuna ripoti iliyorudi tena.

Mashahidi wenyewe siwalaumu. Kiswahili chetu si maskini: kuna kugusa, kupiga kikumbo, kusukumiza, kubamiza, kutandika, na mengine sitayataja hapa. Lakini mtu aliyetoka kuona mwenzake chini hana muda wa kuchagua. Anasema "alimpiga" au "alimsukuma", basi, anaomba maji ya kunywa. Mengine lazima uyapate kwa bega lako.

Sasa nikuambie jambo ambalo pale kiwandani hakuna aliyelijua. Yule mpakiaji wa ghalani anayeitwa Winchi, kwa sababu anabeba katoni mbili pale wenzake wanapobeba moja, ni mdogo wangu. Tumetoka tumbo moja, ila baba ni wawili, kwa hiyo majina yetu ya ukoo hayafanani. Kanuni ya kiwanda hairuhusu ndugu wawili. Wakijulikana, wanaondoka wote. Mimi ndiye niliyemwambia nafasi ipo, mimi ndiye niliyemjazia fomu, na pale penye swali la ndugu nikaandika hakuna. Alikuwa ameacha kazi yake ya awali kuja kunisaidia mume wangu alipougua. Miezi saba alimbeba shemeji yake kumpeleka bafuni na kumrudisha, asubuhi na jioni, bila kulalamika hata siku moja. Mume wangu alipofariki, mdogo wangu alibaki nyumbani kwangu, na ilibidi apate kazi. Kazini tulipishana kama watu wa nchi mbili. "Shikamoo Madam." "Marahaba." Nyumbani nilimgombeza kwa kuacha viatu vyake katikati ya mlango.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na saa ya chakula cha mchana. Mlinzi aliingia ofisini anatweta.

"Kamusi, kamata kalamu. Mistari kaanguka jukwaani, hawezi kuinuka. Winchi kamsukuma."

Mistari ni msimamizi wa ghala. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mstari wa njano uliopakwa ukingoni mwa jukwaa la kupakilia, ambao aliuchora mwenyewe kwa brashi, akipiga magoti, Jumapili nzima. Mtu akiukanyaga alikuwa anamfokea mpaka mate yanaruka. Kutoka kwenye mstari huo hadi sakafu ya saruji chini ni kimo cha mtu mzima kasoro kidogo. Alikuwa ameangukia nyonga.

Nikauliza, "Kaumia wapi?" kwa sauti ya karani.

Kilichotakiwa kifanyike pale nakijua. Ningekwenda kwa meneja nikamwambia: hii siwezi kuiandika, ni ya ndugu yangu. Sentensi moja tu. Lakini nilijiambia kwamba nikikaa mimi pale mezani, mdogo wangu angalau atatendewa haki. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri. Nikachomoa fomu, nikaandika tarehe.

Walimleta yeye kwanza. Meneja alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Mdogo wangu alikaa mbele yangu, vumbi la katoni bado liko kwenye nyusi zake.

"Eleza ilivyokuwa," nikasema.

"Nilimsukuma."

"Kwa sababu gani?"

"Nilimsukuma tu, Madam."

"Mtu hamsukumi mwenzake hivihivi. Alikukosea nini? Alisema nini?"

Aliangalia miguu ya meza. Namfahamu akiwa na miaka minne, akiwa na kumi, akiwa na surua, na nilijua kwamba ametafuna kitu na hatakitema. "Andika nilimsukuma," akasema. "Basi."

Meneja akaguna. "Bangi hiyo," akasema, akaondoka. Mdogo wangu hajawahi hata kuvuta sigara.

Nyumbani nilimbana. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia polisi wataitwa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akiosha soksi zilizokwisha kuoshwa.

"Dada, acha."

"Niache nini? Unajua mtu anayemwangusha mwenzake bila sababu anaitwa nani? Anaitwa kichaa au mhalifu. Chagua moja niandike."

"Andika unalotaka," akasema. "Mimi hilo sisemi."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Niliona kiburi tu.

Kesho yake akaja shahidi. Alikuwa mmoja pekee aliyekubali kusema, mama wa mizani, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka ukingoni mwa jukwaa. Huyu ni mwanamke asiyedanganya hata umri wake. Nilimkalisha, nikampa maji, akasema aliyoyaona: walikuwa wamesimama wawili mbele ya wapakiaji, Mistari anacheka, Winchi ameweka katoni chini, halafu akamsukuma.

"Nionyeshe," nikasema, nikasimama na kumpa kifua. Nilisema kwa mazoea. Kama ningefikiri, ningenyamaza.

Aliweka viganja vyote viwili chini ya mabega yangu, akavuta pumzi, akanisukumiza. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikagonga kabati la mafaili, mpini wa droo ukanipata mgongoni, chini ya mbavu. Orodha yangu ikadondoka ukutani. Mama wa mizani alinikimbilia na mikono mdomoni.

"Pole, jamani! Pole, Kamusi! Lakini ulisema kama nilivyoona."

"Hapana, umefanya vizuri." Nilikuwa sina pumzi. "Na maneno? Waliambiana nini?"

Akaokota orodha, akainyoosha, akaiweka mezani taratibu. "Maneno yalikuwepo," akasema. "Hayo niache nayo, mwanangu. Wewe andika msukumo."

Mimi, ninayewabana watu mpaka wakasahau majina yao, sikumbana. Nilidhani ni matusi ya ghalani, yale ya kutukanana mama wakati wa kubeba mzigo. Na kusema kweli nilifurahi kwamba karatasi itakuwa fupi.

Nikageukia kompyuta. Bega langu lilikuwa limeshajua neno, na mgongo wangu pia. "Shove", na kwa watu wa bima "shove" maana yake ni kukusudia, na kukusudia maana yake ni polisi. "Push" ingemfukuzisha kazi na bado wangeuliza maswali. Nilikaa, kidole juu ya herufi. Mama wa mizani alikuwa anangoja arudi kupima shehena ya mchana. Nikaandika kwamba mpakiaji "brushed against" msimamizi, wakipishana. Nguo ikagusa nguo. Halafu nikamsomea maelezo yake kwa Kiswahili, kama kanuni inavyotaka, kabla hajatia sahihi.

"Alimsukuma msimamizi, msimamizi akaanguka kutoka jukwaani."

"Ndivyo," akasema, akatia sahihi.

Nilikuwa nimemsomea alichosema, sikumsomea nilichoandika. Nilipoinama kutoa karatasi kwenye mashine, mgongo ulinichoma hadi machozi yakanitoka, na nikasingizia mafua.

Siku tatu zilizofuata nililala kwa vipande. Kila simu ya ofisi ikilia nilikuwa nashika ukingo wa meza. Meneja alisoma faili, akabinua midomo, akasema, "Kumbe ni kupishana tu," na mdogo wangu akaambiwa akae nyumbani mpaka bima wamalize, bila polisi. Nilipumua. Nilinunua nyama. Nilimwambia mambo yanakwenda vizuri, naye akaniangalia bila kuuliza nimeyaendesha vipi.

Siku ya nne akaja mtu wa bima. Mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, mpole kiasi cha kutisha. Hakujua Kiswahili hata salamu. Alikaa kwenye kiti cha mashahidi, akalisoma faili zima, akarudi kwenye ukurasa wa mama wa mizani, akausoma tena.

Aliniambia amesikia habari za orodha yangu. Makao makuu wanaisifu, alisema; katika viwanda vyote anavyovizungukia, maneno yangu ndiyo pekee ambayo hahitaji kuyahakiki. Nilimshukuru. Sikumbuki kama niliwahi kushukuru kwa uchungu namna ile.

Halafu akaanza kufikiri kwa sauti. Msimamizi ana uzito gani? Kilo tisini na kitu. Mtu wa kilo tisini haanguki kwa sababu nguo imegusana na nguo. Kwa hiyo ama alikuwa amelewa, ama alikuwa amesimama nje ya mstari wa njano pale asipotakiwa kusimama, mstari ambao ni kazi yake yeye kuulinda. Kwa vyovyote, alisema, kosa ni la aliyeanguka, na anayeanguka kwa uzembe wake bima haimtibu. Nyonga yake ilihitaji kufunguliwa na kuwekwa chuma, daktari alikuwa anangoja barua ya bima tu. Aliyasema haya huku akiandika, bila chuki yoyote. Hesabu yake ilikuwa sawa. Nambari mbovu nilikuwa nimemtilia mimi.

Nilikuwa nimefikiria mdogo wangu tu. Wallahi haikunipitia akilini hata mara moja kwamba uzito nikiutoa kwenye mkono wa mmoja, lazima utamwangukia mwingine.

Akaniambia kesho asubuhi twende hospitali, amhoji msimamizi mwenyewe, nimtafsirie.

Usiku huo sikumwambia mdogo wangu lolote. Nilikaa nikihesabu: nikisema, tunafukuzwa wote, na yeye anakabidhiwa polisi, nikinyamaza, mtu anabaki na mfupa uliovunjika ndani ya mwili. Na mtu mwenyewe ni Mistari, ambaye sikuwahi kumpenda. Angekuwa mtu mwema labda ningemlilia mpaka nikapata usingizi. Huyu alikuwa ananichukulia faili mezani bila kuniamkia.

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Mistari alikuwa cha dirishani, mguu umevutwa kwa kamba, na upande wa pili wa kamba kuna mfuko wa mchanga unaning'inia. Alikuwa amekonda mashavu kwa siku sita tu. Mke wake alisimama aliponiona, akanishika mikono yote miwili.

"Mama, afadhali umekuja wewe," akasema. "Mwambie huyu bwana mume wangu hanywi. Hajawahi. Wametuletea maneno kwamba alikuwa amelewa. Mwambie, wewe wanakuamini."

Nikamwambia nitasema. Mikono yake ilikuwa ya moto na yangu ya baridi.

Mtu wa bima akavuta kiti, akafungua faili magotini. Akauliza kuhusu pombe, nikatafsiri, Mistari akakana. Akauliza kuhusu mstari.

"Mstari?" Mistari alijaribu kuinuka, akaumia, akalala. "Mstari ule nimeuchora kwa mkono wangu! Nimewafukuza watu kazini kwa kuukanyaga! Nivuke mwenyewe? Mwambie nilikuwa ndani, hatua mbili ndani. Yule kijana aliniwekea mikono miwili hapa," akajigusa chini ya mabega, palepale mama wa mizani aliponigusa mimi, "akanisukumiza, nikapaa."

Hapo ningeweza bado kupunguza. "Push" lilikuwepo mdomoni, jepesi, halina ubaya. Lakini mke wake alikuwa ananitazama midomo kama mtu anayesubiri dawa itoke, na mtu aliyelala pale alikuwa anasema kweli. Nikasema "shoved". Kwa mikono miwili, nikasema, kutoka hatua mbili ndani ya mstari.

Mtu wa bima akatikisa kichwa, akageuza kurasa. Akaniomba nimweleze mgonjwa kwamba kuna shahidi, mwanamke asiye na faida yoyote katika jambo hili, aliyeona kwa macho yake kwamba waligusana tu wakipishana. Mmoja kati yao hasemi kweli. Nimwulize: kwa nini aaminiwe yeye?

Nikalazimika kulitafsiri hilo. Kwa kinywa changu nikamwambia mtu mwenye nyonga iliyovunjika kwamba anaonekana mwongo, nami nikijua mwongo ni nani. 

"Mama wa mizani kasema hivyo?" Mistari alinong'ona. "Yule mama?" Machozi yakamtoka pembeni ya macho, yakateremka hadi masikioni, na mkewe akayafuta kwa ncha ya khanga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Mtu wa bima hakuwa mkatili. Alisubiri, halafu akauliza kwa upole: watu hawasukumani bila sababu, kijana amekataa kutoa sababu. Je, mgonjwa anayo?

Nikatafsiri. Mistari akafumba macho.

"Hakuna sababu," akasema. Halafu akayafumbua, akaniangalia mimi, akayakwepesha. "Nilikuwa natania tu."

Mtu wa bima akataka kujua utani wenyewe.

"Kamusi," Mistari akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Toka kidogo. Aje mwingine anitafsirie hapo. Hata nesi."

"Nesi ana kazi zake," nikasema. 

Mkewe akamwinamia. "Baba watoto, sema. Mguu wako unaoza hapa kwa ajili ya utani gani? Sema, tutibiwe."

Akasema. Alisema akiangalia dari, haraka haraka. Alikuwa amewaambia wapakiaji kwamba yule Kamusi wenu hakupata kile kiti kwa Kiingereza. Alikipata kwa kulala na nusu ya wakubwa wa ofisi ya juu. Na kwamba mume wake hakufa kwa maradhi kama watu wanavyodhani. Alikufa kwa aibu ya kuoa mwanamke wa namna hiyo. Wengine walicheka. Winchi aliweka katoni chini.

Mke wake aliondoa mkono kwenye mto wa mumewe.

Mtu wa bima alikuwa ananingoja, kalamu imeinuliwa. Jambo hilo nalo Kiingereza kina maneno yake mepesi, nayajua yote. Ningeweza kusema kwamba mgonjwa alitoa kauli isiyofaa kuhusu mfanyakazi mwenzake, na yeye angeandika hivyo na kuendelea. Nilimwona mume wangu amebebwa begani mwa mdogo wangu, miguu yake imebaki mifupa, wakitaniana kuhusu mpira njia nzima hadi bafuni. Nikalitafsiri lote. Kulala nikakuita kulala, aibu nikaiita aibu, kufa nikakuita kufa. Sikupunguza hata neno moja. 

Aliandika. Akauliza, bila kuinua uso, huyo mwanamke anayesemwa ni nani.

Nikasema ni mimi.

Hapo akainua uso. Akaniomba radhi, halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Mpakiaji huyu ni nani kwako?

Nikisema si mtu wangu, pale pale wodini ningekuwa nimeyathibitisha maneno ya Mistari, kijana aonekane naye ni bwana wangu, au mdogo wangu angebaki kichaa anayesukuma watu bila sababu, na ule mfuko wa mchanga ungeendelea kuning'inia. Nikisema kweli, kufikia jioni hatuna kazi sote wawili. Sikupima zaidi ya hapo. Nilikuwa nimechoka kupima.

"Ni mdogo wangu," nikasema kwa Kiingereza. "Mama mmoja. Na shahidi hakusema 'brush'. Alinionyesha kwa mikono yake, nikagonga kabati. Neno ni 'shove'. Lile jingine nililiandika mimi, nikijua." Halafu nikayasema yote tena kwa Kiswahili, maana walikuwepo wawili pale waliokuwa na haki ya kuyasikia kuliko yeye.

Mke wa Mistari alinitazama muda mrefu. "Nami nilikuwa nakuita mama," akasema. 

"Sikujua ni ndugu yako," Mistari akasema. "Haki ya Mungu, Kamusi, sikujua."

"Ungejua ungesema chinichini," nikamwambia. Nadhani lilikuwa jibu la hasira tu, lakini hakulipinga.

Mtu wa bima akalifunga faili. Upole wake ulikuwepo bado, ila sasa ulikuwa wa mbali. Alisema kila karatasi yenye mkono wangu haina thamani tena. Mashahidi wote watahojiwa upya na mtafsiri mwingine, leo hii, na kijana aitwe. Atampigia meneja yeye mwenyewe. Ya polisi wataamua wakubwa. Barua ya kumruhusu daktari ataiandika mchana. Akaninyooshea mkono, nikadhani ananiaga, kumbe alikuwa anataka kalamu yake aliyoniazima.

Nilitoka kwenye korido, nikasimama karibu na ndoo ya mtu wa usafi, nikampigia simu mdogo wangu. Aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Wamejua," nikasema.

"Wamejuaje?"

"Nimesema mimi. Na nilikuwa nimeandika uongo kwa ajili yako, hilo nalo nimelisema. Utafukuzwa. Tutafukuzwa wote. Polisi sijui."

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa upande wake.

"Na Mistari?" akauliza. "Yupo hapo? Kasema kitu?"

"Kasema."

"Kasema lile?"

"Kalisema. Nimelitafsiri mimi."

Nilisikia akiweka ndoo chini.

"Ningemwambia meneja siku ileile kwa nini nilimsukuma," akasema. "Si kwamba nilishindwa. Lakini aliyekaa na kalamu ni wewe, dada. Lingepita masikioni mwako, halafu ungeambiwa uliandike."

Nilijibanza ukutani. Muuguzi alipita na toroli, akaniuliza kama niko sawa, nikamwashiria kwamba ndiyo.

"Vaa shati safi," nikamwambia. "Njoo kiwandani kabla ya saa nane. Kuna mtu mwingine atakaa mezani, mwambie yote, usifiche hata moja."

"Wewe utakuwepo?"

"Hawataniruhusu ndani. Nitakaa kwenye benchi, mlangoni."